Wewe Ndiye Mto Wake

Wapendwa wa Kisii na Nyamira, fungueni Mwanzo sura ya kwanza mkaisome pole pole, bila haraka ya kumfikia Adamu. Baraka ya kwanza kutamkwa katika Maandiko si yetu. Ilitamkwa siku ya tano, ng'ombe hajaumbwa, mtu hajaumbwa, na waliobarikiwa ni viumbe vya majini pamoja na ndege. Zamu yetu ilifika siku ya sita. Nimekaa katika ibada nyingi nikisikia jinsi tulivyopewa mamlaka juu ya samaki, na ni kweli tulipewa. Lakini aliyepewa mamlaka juu ya kiumbe ambacho Mungu amekwisha kukibariki amekabidhiwa amana, na amana huulizwa.

Ninawaandikia kwa ajili ya mabwawa yetu.

Babu zetu hawakufuga samaki. Samaki wa kula alitoka ziwani, akapandishwa huku na akina mama kutoka Homa Bay na Kendu Bay akiwa amekaushwa au amekaangwa tayari, na hakuna aliyeuliza aliishi vipi wala alikufa vipi. Mwaka 2009 mambo yakageuka. Serikali ilipoleta mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba, na vifaranga 1,000 wa kuanzia. Vijana wakashika majembe. Penye mashimo ya wafyatua matofali, penye vinamasi vilivyokuwa vikinyonywa na mikaratusi, pakawa na maji yenye samaki aina ya ngege. Leo ufugaji wa samaki si jambo geni katika vilima hivi, na KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo chake hapa Kegati. Namshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wote. Watoto wetu wanahitaji nyama mwilini, na shamba la nusu eka lililogawiwa wana watano halina pa kufungia ng'ombe.

Ila tulifundishwa kuchimba, kupima, kulisha na kuuza, na wengi wetu tukaishia hapo. Haikutuingia kwamba kule bondeni tumeweka mifugo. Ng'ombe akiugua, usiku huohuo unapiga simu kumtafuta daktari. Samaki akielea tumbo juu, unamtupia paka, na kesho yake unawamwagia wenzake pumba kama kawaida. Pesa za chakula zilipokatika, mabwawa mengi ya ule mpango yaliachwa, na samaki waliokuwamo wakaachwa nayo: hawakulishwa, hawakuvuliwa, maji hayakubadilishwa. Waliishi kwa kuzaana na kudumaa katika tope mpaka ndege na kenge walipowamaliza.

Sikieni neno hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Samaki wa mto Gucha ana njia zake za kujiokoa. Hewa ikipungua kwenye kidimbwi kilichotuama, hupanda hadi panapoporomoka maji. Jua likiwa kali hushuka chini, baridi ikizidi hutafuta kina au kingo zenye jua, na uchafu ukimwagwa juu ya mto hukimbia na mkondo. Mungu alimpa mto mzima uwe dawa yake. Wewe umemtoa huko, ukamweka katika mita 300 za mraba zenye kuta nne za udongo, na hayo yote ukamnyang'anya. Basi wewe ndiye mto wake. Hewa yake, joto lake, usafi wake, nafasi yake ya kugeuka, na saa ya kufa kwake, vyote vimo mkononi mwako, naye hawezi kukuita.

Anza na hewa, maana hapo ndipo tunapowaua wengi bila kujua.

Inama ukingoni wakati wa kulisha, umtazame mmoja tu aliyesogea juu. Mdomo unafunguka, maji yanaingia. Mdomo unafungwa, kifuniko cha shavu kinainuka, maji yanatoka. Hufanya hivyo mchana na usiku, akiwa usingizini na akiwa macho, tangu alipoanguliwa. Chini ya kifuniko kile kuna matao manne kila upande, yamejaa vijani vyekundu vilivyopangwa kwa unadhifu usioelezeka. Ni vyekundu kwa sababu damu iko papo hapo, imetenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba kupita karatasi. Tena damu ile hutembea kinyume na maji yanavyopita. Maji yanaingia huku, damu inakuja kule, na kila hatua damu inakutana na maji yenye oksijeni kuizidi, inazidi kuchukua. Kwa mpango huo samaki hunyakua sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo majini. Mapafu yako na yangu hayana ustadi huo. Aliyeyabuni mashavu yale aliyapenda.

Na alihitaji ustadi huo, kwa sababu maji ni maskini wa hewa. Lita moja ya hewa tunayovuta hapa Kisii ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 yakishiba hewa kule pwani hubeba miligramu 8 na kidogo. Hapa mjini Kisii, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya joto hilohilo hayafikishi 7, na kule Nyamira kwenye vilima vinavyokaribia mita 2,000 hupungua tena. Kwa hiyo mfugaji wa milimani anaanza na akiba ndogo kuliko mwenzake wa Kilifi. Ngege ni mvumilivu. Hata miligramu 3 atajikaza. Uvumilivu wake ndio tulioufanya ruhusa ya kumsahau.

Mchana, ule ukijani wa majini hutengeneza oksijeni kwa jua, nawe ukipita saa nane unaona bwawa limetulia, unamshukuru Mungu na kwenda zako. Usiku ukijani huohuo unageuka kuwa mvutaji, unapumua pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza chini, pamoja na chakula kilichobaki jana. Akiba inaliwa saa baada ya saa. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Amka saa kumi na moja, ushuke bondeni na tochi, uone mwenyewe: midomo mingi juu ya maji, yote wazi, wanafyonza ule utando wa juu unaogusana na hewa. Wapo wanaowaonyesha wageni jambo hilo kwa furaha, wakidhani samaki wana njaa, na wanawaongezea chakula. Ndugu yangu, hawana njaa. Wanakosa pumzi! Usitie chakula hata chembe. Fungulia maji mapya kutoka kwenye mfereji, yaingie kwa kuanguka kutoka juu yachanganyike na hewa. Kama huna mfereji, chota kwa ndoo umwage kutoka juu, wewe na watoto, mpaka jua lipande.

Najua kuna atakayeniuliza: na ikiwa ni alfajiri ya Sabato? Wengi wetu katika kaunti hizi mbili tunaitunza Sabato, na ni heri tuitunze. Lakini Luka ameandika, sura ya 13 na ya 14, jinsi Bwana alivyowakumbusha viongozi wa dini kwamba wao wenyewe humfungua ng'ombe siku hiyo wakamnyweshe, na mnyama akitumbukia kisimani humtoa papo hapo. Tena katika ile amri yenyewe ya nne, mnyama wa nyumbani ametajwa kwa jina kati ya wanaostahili kupumzika. Itakuwaje siku ya pumziko la viumbe iwe ndiyo siku samaki wako wanakufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu mwenyewe amevaa suti na funguo ya lango la maji iko mfukoni? Shuka bondeni kwanza. Kisha uende kanisani na viatu vyenye tope kama itabidi.

Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba ziwani, upande wa Kisumu, waliamka wakakuta samaki wao wanaelea kwa wingi wa kutisha, na watafiti wakaeleza kwamba oksijeni ya maji ilikuwa imeshuka mno. Ziwa kubwa hivyo! Samaki wa kizimbani hakuwa na pa kukimbilia. Wa kwako kwenye kidimbwi anaye nani?

Samadi nayo nisiipite. Tunaitia ili maji yawe ya kijani na vijidudu vya chakula vizaliwe, na kwa kiasi chake ni jambo jema. Kipimo kiko mkononi mwako: zamisha mkono hadi kiwiko, kiganja kimekunjuliwa. Ukikiona vizuri kabisa, maji hayana lishe. Ukiwa hujafika hata nusu ya mkono na kiganja kimepotea, umezidisha. Acha samadi, punguza chakula, ingiza maji. Na mkumbuke kwamba samaki hana choo cha kwenda. Taka ya protini anayokula huitoa kwa njia ya yale mashavu, ikiwa amonia, humohumo anamovutia pumzi. Chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia hiyohiyo. Ikizidi, mashavu huungua na kuvimba, na samaki aliyezungukwa na oksijeni hushindwa kuichukua. Mtu anayemwaga debe zima la pumba asubuhi ili asirudi jioni hajawalisha. Amewatilia sumu.

Halafu baridi. Ngege ni samaki wa joto. Maji ya nyuzi 27 hadi 30 ndiyo yanayomstawisha. Hana moto wake wa ndani kama sisi, joto la maji ndilo joto la damu yake. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukishuka upande wa Borabu na Manga, maji ya bwawa dogo hushuka chini ya nyuzi 20. Tumbo lake hupoa, usagaji hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, na maji yakikaribia 16 huacha kula kabisa. Usimlishe saa moja asubuhi kwa sababu ndiyo saa unayoenda kuchuma chai. Ngoja jua liyapashe maji, saa nne hivi, kisha saa kumi alasiri. Chimba kina cha kutosha, mita moja na zaidi upande wa kutolea maji, apate pa kukimbilia baridi ya usiku. Na ile mikaratusi inayolitupia bwawa kivuli kutwa nzima, ikate. Inakunywa maji yake na kumnyima jua lake.

Akina mama, hili ni lenu hasa. Ngege jike akishataga, huyakusanya mayai yote kinywani mwake. Humo huyaatamia, akiyageuzageuza maji safi yapite, na hata yakishaanguliwa vitoto hubaki mdomoni mpaka viweze kujitegemea. Kwa siku hizo zote, kumi au zaidi ya kumi, karibu hali kitu. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyima tumbo lake ili watoto wale anamfahamu samaki huyu. Sasa tazama kinachotokea tunapochanganya majike na madume bila mpango: kila jike anazaa akiwa bado mdogo wa miezi michache, anafunga, anazaa tena, bwawa linajaa hadi wenyeji hawana pa kugeukia, na baada ya mwaka unavuna samaki wa kiganja, wembamba, vichwa vikubwa. Ndipo mtu analaumu mbegu. Weka watatu kwa mita moja ya mraba wala usizidishe. Nunua vifaranga madume kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Vuna kwa wakati. Na vifaranga wakija ndani ya mfuko wa plastiki, usiwamwage kwa pupa. Uache mfuko uelee juu ya bwawa kwa dakika kama ishirini, joto lilingane, uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha uulaze waogelee watoke wenyewe.

Msiniambie samaki hahisi. Neno hilo nimelisikia sokoni, nimelisikia hata kwa wazee wa kanisa. Mwaka 2003, huko Uskoti, Lynne Sneddon na wenzake Victoria Braithwaite na Michael Gentle walionyesha kwamba usoni mwa samaki aina ya trauti kuna mishipa ya fahamu inayoitikia jeraha, joto kali na tindikali, kama ile iliyo katika ngozi yetu. Waliodungwa sumu ya nyuki au tindikali ya siki midomoni walipumua kwa kasi, walikataa chakula kwa saa kadhaa, waliyumbayumba chini ya maji, na wale wa tindikali wakawa wanaisugua midomo kwenye changarawe. Walipopewa mofini, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wetu wa saratani, mateso yale yalipungua. Wako wataalamu waliopinga, wakisema ubongo wa samaki hauna lile gamba la juu tulilo nalo. Mimi nasema hivi: dawa ya maumivu hutuliza maumivu. Asiyeumia ingemtuliza nini? Na hata ungebaki na shaka, mwenye haki akiwa na shaka humwelekea mnyonge. Methali 12, aya ya 10, inampima mtu mwema kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake, wala haisemi ni yule tu mwenye sauti ya kulia.

Nije kwa kambare, mumi. Hana magamba, na kwa Mambo ya Walawi sura ya 11 wengi wetu hatumli. Tunamfuga tu, tunawauzia wengine. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna tunavyomtendea kwa sababu ni najisi na kwa sababu ni mgumu kufa. Nyuma ya mashavu yake Mungu alimwekea kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, ili ukame ukikausha kinamasi aweze kutambaa kwenye tope akatafute maji. Sisi rehema hiyo tumeigeuza kuwa mateso. Anawekwa kwenye ndoo kavu asubuhi, anapakiwa kwenye pikipiki ndani ya gunia, anashinda juani sokoni, na jioni bado anapanua mdomo. Wapendwa, punda naye ni najisi wa kuliwa katika torati hiyohiyo. Lakini Kutoka sura ya 23 inamwamuru Mwisraeli amsaidie punda aliyelala chini ya mzigo, tena punda wa adui yake! Mungu alimtoa punda mezani kwetu, hakumtoa katika huruma yake. Kambare vilevile.

Sasa tuongee juu ya kufa, maana samaki wa bwawani amefugwa ili aliwe na sitajifanya vinginevyo.

Mmeona uvunaji wetu. Wavu unaburutwa, tope linatibuka, samaki wanamwagwa kwenye nyasi, watu wanashangilia. Watoto wanawakanyaga. Kisha wanaachwa wafe. Mashavu yale yaliyosimama majini kwa unadhifu, yakitoka hewani hulala, vijani vinagandamana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na samaki amezungukwa na oksijeni tele asiweze kuivuta. Anapigapiga mkia. Anatulia, anaanza tena. Inachukua dakika nyingi. Wengine hawangojwi hata wafe: wanaparwa magamba na mashavu bado yanainuka na kushuka, kisu kinapita tumboni, na mwenye kupara anazungumza bei.

Huo ni ukatili, na mimi sitauita jina lingine. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake, katika kanuni zake za wanyama wa majini lina sura nzima juu ya namna ya kumzimisha na kumuua samaki wa kufugwa. Humo kumwacha akose hewa kumehesabiwa kati ya njia zinazomtesa, na kumtia kwenye barafu akiwa hai pia. Njia zilizopendekezwa ni pamoja na umeme, ambao hatuna vifaa vyake, na pigo la kichwa, ambalo kila boma linaliweza.

Kwa hiyo mwenye kuvuna wiki hii afanye hivi. Usiwalishe siku moja kabla, matumbo yawe matupu na maji ya kubebea yasichafuke. Vuta wavu asubuhi kukiwa na ubaridi, kidogo kidogo, uchukue idadi unayoweza kuimaliza, waliobaki wakae majini. Lowanisha mikono kabla ya kumshika. Ule ute wa ngozi ndio ngao yake, na ukimrudisha bwawani umeuvua kwa mikono mikavu, ukungu wa maji utamla akiwa hai. Kata rungu fupi la mti mgumu. Mshike imara, umpige mara moja kwa nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Tazama kifuniko cha shavu: kikiwa bado kinacheza kwa mpigo, rudia papo hapo. Kikiwa kimetulia, kata mishipa ya mashavu damu itoke, kisha barafu, kisha magamba. Asiyeweza kupiga kwa mkono usiotetemeka amwachie mwenzake, wala si aibu.

Na mtapata faida, ingawa ningewasihi hata kusingekuwa na faida. Samaki aliyehangaika muda mrefu huimaliza nguvu ya misuli yake, asidi hujaa mwilini, hukakamaa mapema na nyama hulegea mapema. Aliyekufa kwa pigo moja hukaa vizuri zaidi, na wenye hoteli pale mjini na Keroka wataiona tofauti. Mteja akikwambia anamtaka akirukaruka ndipo aamini ni mbichi, mwonyeshe macho maangavu, mwambie abonyeze nyama kwa kidole aone inavyorudi, umpimie kilo zake, umuuzie.